Kwa Nini Watu wa Kirema Hawataji Udongo Wanapozika

Eliwaza ameuliza mbele ya watu wote, kwa hiyo nitajibu mbele ya watu wote. Ameuliza kwa nini jana, pale kaburini kwa bibi yake, tulishika udongo, tukatazama chini, tukatazama juu, kisha tukatazamana. Na ameuliza kwa nini mimi nilikaa katika kule kutazamana mpaka mchungaji akanishika mkono. Mkwe wangu Kaijage, ambaye kwao ni mbali, alipoona watu wote wameinua nyuso alifungua mwavuli. Hakuna aliyemcheka, au waliomcheka walingoja kwanza wafike jikoni. Kwa hiyo swali si la mjukuu wangu peke yake. Sogezeni viti kivulini. Chai bado ipo.

Nitasimulia kama mama yangu alivyonisimulia, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Mtaona ni mahali pengi.

Kulikuwa na wakati ambapo kila kilima kilijua watu wake. Watu wa wakati huo waliamini kwamba Muumba alipita kilima hadi kilima, na kila alipofika alichukua udongo wa hapo hapo, akaukanda kwa maji ya kijito cha hapo hapo, akafinyanga watu wa hapo. Watu wa Kirema walikuwa wa udongo mwekundu. Watu wa Ng'anda, kilima kile mnachokiona ng'ambo ya bonde, walikuwa wa udongo wa kijivu unaonata. Hata tabia walizieleza hivyo. Watu wa Kirema walikuwa wepesi wa kupata joto na wepesi wa kupoa. Watu wa Ng'anda wakishika jambo hawaliachii, kama udongo wao usivyoachia mguu wakati wa mvua.

Kutokana na imani hiyo ilikuwapo sheria ya kuzika. Kila udongo ulirudishiwa wake. Mwanamke wa Ng'anda aliyeolewa Kirema alipofariki, ndugu zake walikuja na machela, wakambeba wakashuka naye bondeni na kupanda naye upande wa pili, wakamzika kwao. Mtambikaji alisimama juu ya kaburi, akashika udongo, akasema: "Udongo wa Ng'anda, pokea wako." Mtu akizikwa katika udongo usio wake, walisema, udongo haumtambui, naye haoni njia ya kuwafikia wazee wake. Hubaki katikati, na hakuna anayemwita.

Kwa sheria hiyo mume na mke hawakulala pamoja baada ya kufa, isipokuwa wale waliooana ndani ya kilima kimoja, nao walikuwa wachache. Sijui kama watu wa wakati huo waliona uchungu wake. Huenda waliona, kisha wakabeba machela.

Sasa, Kirema paliishi mhunzi aliyeitwa Kibacha, na mkewe alikuwa Namkunda, binti wa Ng'anda. Mlima huu, kama mnavyojua, una mchanga mweusi. Mvua ikinyesha vijito huushusha, na siku hizo wanawake waliingia kijitoni na chano, sinia pana la mti, wakachota mchanga na maji, wakatikisa, mchanga mwepesi ukaenda na maji na ule mweusi ukabaki chini kwa sababu ya uzito wake. Mchanga huo ndio chuma. Wanaume waliuyeyusha katika tanuri la udongo kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Kilichobaki kisichofaa waliita mavi ya chuma, jina ambalo mnalijua, na naona Eliwaza ameshaanza kucheka. Cheka tu. Bibi yako naye kila nilipolitaja mbele ya wageni aliniangalia hivi.

Namkunda alikuwa mwoshaji mchanga. Mama yangu alisema hakuwa mwanamke mzuri sana wala mwenye maneno mengi. Alikuwa na mikono yenye uhakika. Kibacha hakuhitaji kumwambia mchanga gani unatosha na mchanga gani bado, na yeye hakuhitaji kumwambia mumewe lini apumzike. Aliondoa tu maji ya kunywa yaliyokuwa karibu na tanuri, ikambidi Kibacha ainuke kuyafuata. Waliishi hivyo mpaka watoto wao wakaoa na kuolewa.

Mwanzoni mwa masika Namkunda alishikwa na kifua. Siku alipofariki, Kibacha alikuwa ameshawasha tanuri, na tanuri likishawashwa haliachwi. Aliliacha. Moto ukafa wenyewe, chuma kikagandia ndani, na tanuri zima likawa jiwe. Watu waliopita waliliona hilo hata kabla ya kusikia kilio, wakajua kuna jambo.

Ndugu zake Namkunda walifika na machela. Mkubwa wao aliitwa Mrutu, naye pia alikuwa mhunzi, mtu mpana, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na nyundo. Nyuma yao, polepole, mama yao alikuwa anakuja kwa mkongojo, lakini alikuwa bado hajamaliza kupanda.

"Pole, shemeji," alisema Mrutu. "Tumekuja kumchukua mtu wetu."

"Kaeni kwanza," alisema Kibacha.

"Tukikaa jua litatutangulia bondeni."

"Kaeni, shemeji."

Wakakaa. Kibacha hakukaa. Alisimama mlangoni, nyuma yake ndipo alipolala Namkunda amefunikwa ngozi, akasema jambo ambalo kwa siku zile hakuna mtu aliyewahi kulisema.

"Mtu wenu mlimleta hapa akiwa msichana mwembamba. Tangu siku hiyo amekula ndizi za shamba hili na kunde za shamba hili, akanywa maji ya kijito hiki. Kila kilichomjaza kimetoka Kirema. Basi nionyesheni sehemu yake iliyo ya Ng'anda, niwape hiyo mwende nayo."

Mrutu alifikiri. "Mifupa," alisema.

"Mifupa haili?"

"Mifupa alikuja nayo."

"Alikuja na mifupa ya msichana. Hii iliyomo humu ndani imebeba watoto wangu na mchanga wangu. Ilikua kwa chakula gani?"

Ndugu mmoja mdogo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba huyu shemeji amechanganyikiwa na msiba. Ilikuwa kweli. Mimi sidhani Kibacha alikuwa na hoja aliyoipanga. Alikuwa anaona machela pale uani, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa mpangilio kwa sababu yeye mwenyewe ndani hakuwa na mpangilio wowote. Huwa inatokea hivyo.

Mrutu akatafuta kitu cha kushika, akakiona. Jembe la Namkunda lilikuwa limeegemea ukuta. "Jembe lile," alisema, "alikuja nalo siku ya kuolewa kwake. Nililifua mimi. Limekaa hapa, limelima hapa, limeloa mvua ya hapa. Je, shemeji, limekuwa jembe la Kirema? Jembe la Ng'anda ni la Ng'anda hata likilimia mbinguni. Naye ni hivyo hivyo."

Hapo Kibacha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kifo, na ndugu zake Namkunda hawakupendezwa. Akawaambia kwamba jembe hula udongo, na udongo nao hula jembe. Kila lilipokwisha makali, Kibacha aliliweka motoni akaliongezea chuma cha tanuri lake, kipande kwa kipande, msimu kwa msimu. Sasa hakuna aliyeweza kusema ni wapi chuma cha Mrutu kiliishia na cha Kibacha kilianzia, wala kama chuma cha Mrutu kilikuwa bado kimo.

Basi wakamwita mtambikaji, Mbonea. Huyu alikuwa mtu wa taratibu. Ukikosea neno moja katika tambiko alikusimamisha ukarudia tangu mwanzo, na watu walisema hata akiota ndoto humsahihisha anayemtokea. Alisikiliza pande zote mbili, akaliangalia jembe, akaona njia. "Jembe hili na mtu huyu wameishi pamoja," alisema. "Wamechakazwa na kazi moja na kulishwa na mlima mmoja. Likiwa bado ni la Ng'anda, naye ni wa Ng'anda, abebwe. Likiwa limegeuka, naye amegeuka, abaki." Kila mtu aliona ni hukumu safi. Nami nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni safi.

Wahunzi wa wakati huo walijivunia jambo moja kuliko yote: kwamba mhunzi wa kweli anakitambua chuma cha kilima chake. Hugonga akasikiliza, hutazama palipovunjika, kisha hulamba. Walisema chuma cha Kirema kina ukali mbele ya ulimi, na cha Ng'anda kina ukali nyuma. Watoto wa wahunzi walifundishwa hivyo, wakaamini, wakafundisha watoto wao.

Jembe likavunjwa juu ya fuawe, pale Kibacha alipogongea chuma. Mbonea, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alitaka kwanza awapime wapimaji. Aliongeza vipande viwili ambavyo asili yake ilijulikana: chuma alichofua Kibacha masika yaliyopita, na ncha ya kisu cha Mrutu mwenyewe, iliyofuliwa Ng'anda. Akavipanga vyote kwenye jani la mgomba vikiwa vimevunjwa sawa, wapimaji wakiwa wamempa mgongo. Kwa upande wa Ng'anda alisimama Mrutu. Kwa upande wa Kirema alisimama mjomba wa Kibacha, mhunzi mzee aliyekuwa na sifa hadi vilima vya mbali.

Mrutu aligonga, akasikiliza, akalamba. Akainua kipande kimoja juu. "Hiki ni cha nyumbani. Hata gizani ningekijua." Kilikuwa kile cha Kibacha cha masika yaliyopita.

Mjomba akatikisa kichwa kwa kumhurumia. Akalamba naye, akachukua muda, akainua chake. "Na hiki ni Kirema mtupu." Kilikuwa ncha ya kisu cha Mrutu.

Wanawake waliokuwa wamekaa msibani walicheka. Huo ndio ukweli, walicheka, hali maiti yuko ndani. Mmoja alisema, "Wenyewe wametuambia miaka yote hii kwamba wana ndimi." Kisha kicheko kikaisha kwa ghafla, kwa sababu waliona maana yake. Kama mhunzi hawezi kujua chuma cha kilima chake, basi kilima nacho kinamjuaje mtu wake?

Mrutu hakukubali. Alichukua vipande tena, kimoja baada ya kingine, akalamba kwa hasira, na ukingo mmoja mkali ukamchana ulimi. Akatema. Akatema tena. Kisha akasimama, mdomo wazi kidogo, na uso wake ukabadilika.

"Nini?" aliuliza Kibacha.

"Onja," alisema Mrutu.

"Nionje nini?"

"Damu yako. Jiume uonje, kisha ulambe jembe."

Kibacha aliuma ndani ya shavu lake. Akalamba kipande cha jembe la mkewe. Wakatazamana, mashemeji hawa wawili, kila mmoja akiwa na ladha ileile mdomoni. Mama yangu alisema kwamba pale uani watu wazima walianza kujiuma midomo mmoja mmoja, kimya kimya, hata Mbonea, na kwamba ulikuwa ni msiba wa ajabu kuutazama.

Ndipo mama yake Namkunda alipofika. Akapewa kigoda na maji. Akauliza kwa nini mwanawe bado yuko ndani na kwa nini watu wana damu midomoni. Wakamweleza yote: chakula, mifupa, jembe, ndimi.

Alikunywa maji yake taratibu. "Mnasema mwili ni chakula," alisema.

"Kibacha ndiye anasema hivyo, mama," alisema Mrutu.

"Basi mwaka niliokuwa na mimba ya Namkunda tulikuwa na njaa. Ng'anda hakukuwa na hata jani la kunde. Nilikula mtama wa watu wa nyikani, na samaki wakavu walioletwa kutoka ziwani. Yeye alifanyika kwa hivyo. Kama mwili ni chakula, mwanangu ni wa nyikani na wa ziwani, na sijui hata majina ya waliolima na kuvua."

"Mama, unatuharibia shauri."

"Shauri mmeliharibu wenyewe. Mimi nasema nilichokula."

Mtu mmoja akasema kwamba udongo wa nyikani nao ni udongo uliochukuliwa na mvua kutoka milimani, kwa hiyo huenda mtama ule ulikuwa wa Ng'anda kwa njia ya mzunguko. Mwingine akasema, au wa Kirema. Mwingine akauliza mchanga mweusi wenyewe hutoka wapi, na wakasema hutoka juu. Juu wapi? Juu ya kijito. Na juu ya kijito? Kileleni. Na juu ya kilele? Wakakwama, maana juu ya kilele hakuna kitu.

Hapo mwanamke mmoja mwoshaji mchanga, mwenzake Namkunda, alisema kwa aibu kidogo kwamba wao kijitoni wanajua habari nyingine. Bibi zao waliwaambia kwamba nyota ni majiko. Jiko kubwa likiungua sana mafiga yake huporomoka, na majivu yake hutawanyika kote, juu ya vilima vyote na nyika zote, bila kuchagua. Mchanga mweusi ni majivu hayo. Wao walikuwa wakisimuliana ili kazi iende, na Namkunda ndiye aliyekuwa akiipenda zaidi. Akitikisa chano husema, "Jiko la nani hili?"

Kibacha hakuwa amewahi kuisikia. Aliishi naye miaka yote ile, na hakujua kwamba mkewe alikuwa akiuliza hivyo kijitoni.

Mbonea alikuwa akiichukulia habari hiyo kuwa maneno ya wanawake waliolowa miguu. Sasa maelezo mengine yote yalikuwa yamekufa mikononi mwake na hiyo peke yake ndiyo iliyobaki imesimama. "Basi tumzike mbinguni?" aliuliza Mrutu. Hakuwa anatania.

Ningependa kuwaambia kwamba Kibacha alifurahi. Ng'anda walikuwa wameshindwa kuthibitisha. Lakini alikaa chini kwenye vumbi, kwa sababu aliona amefika mahali asipopataka. Alitaka ithibitike kwamba Namkunda ni wa Kirema, abaki pale karibu na tanuri, naye siku yake ikifika alazwe kando yake. Ilikuwa imethibitika kwamba hakuwa wa Ng'anda. Kwa ushahidi uleule hakuwa wa Kirema. Alikuwa ameshika sana mpaka akafungua mkono na kukuta hajui alichokuwa ameshika ni cha nani.

Yule mama mzee ndiye aliyemaliza, na hakumaliza kwa hekima yoyote, alikuwa amechoka. "Chimbeni," alisema. "Hapa hapa. Kule kupanda tena mimi siwezi, na nataka nimwone anapoingia. Mnabishana juu ya mtu ambaye amelala akingoja."

Wakachimba kando ya tanuri. Mrutu alichimba pamoja na Kibacha, na machela ikabaki uani haina kazi. Namkunda akateremshwa. Kibacha alichukua kipande kimoja kutoka kwenye jani la mgomba, bila kujua ni kipi, akakiweka kwenye kiganja cha mkewe, akamfumba vidole.

Kisha watu wote wakamtazama Mbonea, ili aseme maneno.

Mbonea akainama, akashika udongo, akasimama wima kama ilivyo taratibu. "Udongo wa," alisema. Akanyamaza. Aliutazama udongo ule mkononi mwake. Ulikuwa mwekundu, na ndani yake chembe nyeusi zilikuwa ziking'aa. Alitazama muda mrefu. Akainua uso, akatazama juu, mchana ule, mahali ambapo nyota haionekani hata moja, na palikuwa na mawingu tu. Kisha akawatazama watu, uso mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba ambayo si yake na anatafuta mwenyeji. Watu waliogopa. Hawakuwa wamewahi kumwona Mbonea akikosa neno.

"Pokea wako," alisema mwishoni. Hakutaja aliyekuwa akiambiwa. Akafungua mkono, udongo ukaanguka.

Akangoja adhabu, nadhani. Lakini watu hawakujua kwamba amekwama. Kwa kuwa ni Mbonea, mtu asiyekosea, walidhani hiyo ndiyo taratibu ya mtu ambaye udongo wake haujulikani. Yule mama mzee akaja mbele, akashika udongo, akatazama chini, akatazama juu, akawatazama watu, akasema, "Pokea wako." Mrutu akafuata. Kibacha akafuata, na wote waliobaki. Mbonea alisimama pembeni akiyaona makosa yake yakigeuka tambiko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumsahihisha mtu.

Hadithi ya mama yangu huishia hapo. Lakini Eliwaza amekua, na Kaijage ni mwalimu, kwa hiyo nitaongeza yale niliyoyasomea.

Mimi nilisomea miamba. Mchanga mweusi wa Kirema nimeuchukua nikaupima zaidi ya mara moja. Haukuanguka kutoka angani. Umetoka katika miamba ya mlima huu huu, inapoliwa na mvua. Katika hilo hadithi imekosea. Lakini chuma kilichomo katika miamba hiyo hakikutengenezwa na mlima, wala na dunia. Kilipikwa ndani ya nyota kubwa kuliko jua letu, zamani sana kabla dunia haijakuwapo, na nyota hizo ziliporomoka zikalipuka na kutawanya kila kitu. Chokaa ya mifupa yetu imetoka huko. Hewa tunayoivuta, ile ambayo bibi yenu wiki yake ya mwisho ilikuwa ikimpa shida kuivuta, imetoka huko. Chuma kinachoipa damu rangi yake ni chuma kilekile cha jembe. Kwa hiyo wanawake wa kijitoni hawakukosea sana. Walikosea tarehe tu.

Haya nayajua. Nimeyafundisha kwa miaka mingi, na sijawahi kuyatilia shaka. Jana mchungaji alizungumza juu ya mavumbi, na hayo pia nayaamini. Nimekuwa mtu wa kanisa tangu ubatizo wangu, bibi yenu hakuniruhusu nilale Jumapili. Nilidhani nikiwa na vyote viwili, ninachokijua na ninachokiamini, nitasimama pale kaburini nikiwa na mahali pa kutazama. Nilijua kila kilichomo ndani ya lile jeneza kimetoka wapi. Nilikuwa nikiweza kukitaja kimoja kimoja. Na sikujua yeye yuko wapi. Bado sijui. Nikitazama chini naona ninachokijua, nikitazama juu naona ninachokiamini, na kati ya hivyo viwili kuna nafasi ambayo hakuna mtu aliyeniambia ina upana gani.

Na tangu siku hiyo ya Namkunda, Kirema hatutaji udongo tunapozika. Mke aliyetoka mbali anazikwa pale alipoishi, au kwao, kama watu watakavyoona, na hakuna anayekuja na machela kudai. Mume na mke hulazwa pamoja, na nafasi yangu mliiona jana, ile iliyoachwa upande wa kulia. Tunashika udongo wowote ulio karibu. Tunatazama chini, kwa sababu Mbonea alitazama chini. Tunatazama juu, kwa sababu alitazama juu. Kisha tunatazamana, tunasema maneno mawili, na hatusemi tunamwambia nani. Wachungaji wamejaribu kuuondoa utaratibu huu, wakashindwa. Huyu wa sasa huwa anangoja tu.

Eliwaza anataka kujua niliona nini. Chini niliona udongo mwekundu wenye chembe nyeusi. Juu niliona mawingu, na mwavuli wa baba yako. Kisha nikawatazama ninyi, na pale mbele ulikuwa umesimama wewe, ukiwa umekaza mdomo kama alivyokuwa akiukaza bibi yako anapozuia kulia, na mikono umeishika mbele hivyo hivyo kama alivyokuwa akiishika.

Nilikuwa nimeshamaliza kutazama kwingine kote. Ndipo mchungaji aliponishika mkono.